Kuonja si Kunywa

Nilichaguliwa kuwa mhudumu wa afya ya jamii kwa sababu ya miguu. Si kwa elimu, si kwa huruma, wala si kwa tabia njema. Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Ndanai, nipumzike wiki mbili kabla ya kuondoka tena, nikapita karibu na baraza la chifu nikitafuta mahali pa kuchaji simu. Pale walikuwa wanatafuta mtu wa kuzungukia nyumba mia moja, aulize hali za wagonjwa, wajawazito na watoto. Mzee mmoja aliyenijua tangu nikiwa mtoto akaninyoshea fimbo.

"Huyu hapa," akasema. "Alifanya kazi Kericho, akatoka. Akaenda Nakuru, akatoka. Narok, Kitale, Lodwar, kote ametoka. Miguu yake haijui kukaa. Mpeni hizo nyumba azunguke, angalau tujue yuko wapi."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na makofi hayo ndiyo yaliyokuwa uchaguzi. Nami, mtu wa miaka arobaini na tatu mwenye cheti cha kidato cha nne kilicholowa mvua ya Kitale na kukaushwa na jua la Lodwar, nikajiona nimeitwa na taifa.

Tulifundishwa Bomet kwa siku kadhaa. Nikarudi na mkoba wa mgongoni, mashine ya kupima presha, mizani ya watoto, simu yenye maswali ndani yake, na jaketi linalong'aa. Nililipenda lile jaketi kuliko kazi yenyewe. Nililivaa hata Jumapili, na watu wakawa wananisimamisha kuniuliza barabara itaanza kutengenezwa lini. Maswali ya simu niliyasoma kwa sauti nzito ya mtangazaji wa taarifa ya habari, nikiwa nimesimama wima. Nilidhani watu wananyamaza kwa heshima. Baadaye niliambiwa walikuwa wanangoja nimalize ili wapate kuelewa nilichotaka.

Nyumba niliyopenda kuitembelea kuliko zote ilikuwa ya mke wa rika langu. Mume wake tulitahiriwa mwaka mmoja, na kwetu hiyo inatosha kumfanya mkewe awe shemeji yangu. Mume alikuwa mchuma chai katika shamba moja kubwa upande wa Kericho mpaka zilipoletwa mashine za kuchuma. Sasa alikuwa hukohuko akitafuta vibarua, akirudi mwisho wa mwezi akiwa mwembamba kuliko alivyoondoka. Nyumba ilisimama kwa busaa ya shemeji, pombe yetu ya kienyeji. Alipika mara mbili kwa wiki, na watu walitoka hata Sotik kuja kuinywa, kwa maana hakuna aliyejua kukaanga unga kama yeye.

Huo unga ndio ulioniponza. Unga wa mahindi uliochachushwa, unapokaangwa juu ya bati, hutoa harufu ya mkate unaoungua kidogo pembeni. Nilikuwa nimeikosa harufu hiyo miaka ishirini. Kule Lodwar niliwahi kuamka asubuhi nikidhani nimeisikia, kumbe ni mtu anachoma mpira wa gurudumu. Kwa hiyo nilipoingia jikoni kwa shemeji mara ya kwanza, nikavuta kigoda karibu na moto, nikafumba macho, nikawa mtoto wa miaka saba. Alipoona sifumbui macho alinimiminia chai.

Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Wakubwa wake wawili walikuwa shuleni. Nilipomaliza kikombe cha kwanza nikakumbuka kazi, nikasimama, nikatoa simu.

"Shemeji, je, katika ujauzito huu unatumia pombe, sigara au dawa zozote za kulevya?"

Aligeuka, mwiko mkononi, uso umejaa majivu.

"Mimi? Pombe? Usinitusi kwangu, daktari. Mimi sinywi."

Nikabonyeza *Hapana*. Nikampongeza kwa kulinda afya ya mama na mtoto. Kisha nikaomba kikombe cha pili.

Mwezi uliofuata nikauliza, akajibu, nikabonyeza. Mwezi wa tatu vilevile. Hakuwa ananidanganya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilijaribu kumtupia lawama hiyo nikashindwa. Alinijibu alivyoamini, na mimi niliyezaliwa umbali wa mabonde mawili kutoka pale niliamini vilevile.

Kwetu hakuna anayegusa busaa ambayo mpishi hajaionja. Mpishi hujaza kikombe mbele ya wateja, hukinywa mpaka chini, hukigeuza juu chini waone hakuna kilichobaki, kisha husema "haya." Ndipo watu hunyosha mikono. Wakija wateja wengine ambao hawakuona, hurudia. Nimeona hivyo tangu nilipoanza kuona. Na mwonjaji haitwi mnywaji, kama vile mpishi wa harusi haitwi mgeni. Yuko kazini.

Siku moja ya soko, mimba ikiwa imefika mwezi wa sita, nilitaka kumpima presha. Tulikuwa tumefundishwa tumuulize mtu kwanza kama amekunywa chai au kahawa.

"Umekunywa chai leo?"

"Hata sijapata nafasi. Leo nimeonja tu."

"Umeonja mara ngapi?" Niliuliza kwa mzaha, nikimfunga ule mkanda mkononi.

Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono uliokuwa huru. "Moja alfajiri nikichuja. Moja ya wale wa kwanza. Moja ya hawa wa Sotik. Halafu wakaja wenzao, moja. Halafu yule mzee akasema hakuniona, ati nirudie..." Mkono ukaisha vidole. Akautazama, akanitazama. Ulikuwa haujafika wakati wa chakula cha mchana.

Ile mashine ikaendelea kuvuma na kujaza upepo, na mimi nikasahau kusoma namba.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka zahanati. Nesi wetu ni mama wa upande wa Kisii, anayevuka mpaka wa kaunti kila asubuhi kuja kutuhudumia, na ana subira na wagonjwa tu. Nikamweleza.

"Ulimuuliza nini?" akasema.

"Kama anatumia pombe."

"Akasema?"

"Hapana."

"Na wewe mtoto wa hapa, ulikuwa umekaa wapi akisema hapana?"

"Jikoni kwake."

"Ukifanya nini?"

"Nikinywa chai."

Akaweka kalamu chini. "Ilikuwa tamu?"

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto wa mtu mwingine. Anachokunywa mama kinamfikia mtoto, na mtoto hana namna ya kukikataa. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa hakina madhara. Madhara yenyewe huenda yasionekane siku ya kuzaliwa, yakajitokeza miaka ya baadaye, mtoto akishindwa kutulia au kushika anachofundishwa. Lakini siku yoyote mama akiacha, hata leo, mtoto anafaidika kuanzia leo.

"Asubuhi kabla hajaonja, mikono yake hutetemeka? Anatoka jasho?"

"Sijui."

"Kajue. Kama inatetemeka, usimwambie aache ghafla. Hiyo pia ni hatari. Mlete nimwone kwanza. Na usiende na mahubiri, tafadhali. Mlete tu. Hapa hakuna mtu atamuitia chifu kwa sababu ya kupika pombe."

Ningeandika kwamba nilifuata maagizo, lakini wako watu wengi walioniona. Nilivaa jaketi, nikapanda hadi kwa shemeji, na mbele ya wateja sita waliokuwa na vikombe mkononi nikatoa hotuba. Nilisema juu ya vizazi vijavyo. Nilisema juu ya ubongo. Nilipoona hakuna anayetikisika nikanyosha kidole kuelekea tumbo lake, nikasema, "Unamtilia mtoto sumu."

Wateja wakatazama ndani ya vikombe vyao. Shemeji aliinua kikombe changu cha chai, ambacho alikuwa amekimimina kabla sijaanza kuhutubu, akatoka nacho nje, akaimwaga kwenye nyasi, akarudi na kikombe kitupu.

"Kwaheri, daktari," akasema.

Nilipokuja tena, nilipokelewa na mbwa. Siku yake ya kliniki ikafika, hakuenda. Nesi aliita jina lake mara mbili, kisha akatoka nje, akanikuta nimekaa kwenye benchi la wajawazito nikiwa mwanamume pekee.

"Nilikuambia umlete," akasema. "Sikusema umfukuze."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka siku ile mtoto yule alikuwa swali ndani ya simu. Sasa alikuwa mtoto aliyebakiwa na miezi mitatu ya kukaa tumboni, mama yake akiendelea kujaza kikombe siku za soko, na mlango pekee uliokuwa wazi nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa kidole.

Nikaliacha jaketi nyumbani. Nilimkuta shemeji ameketi nje, ameanika kimea cha nafaka ya wimbi juu ya gunia, anaondoa mawe. Mbwa alinibwekea, naye hakumkataza. Nikachuchumaa upande wa pili wa gunia, nikaanza kuokota mawe. Tuliokota muda mrefu. Mguu wangu mmoja ulikufa ganzi, lakini niliona si wakati wa kulalamika.

"Jaketi liko wapi?" akauliza mwishowe.

"Nyumbani."

"Afadhali. Lilikuwa na mdomo."

"Shemeji, nilikosa."

"Ulikosa sana. Mbele ya watu wa Sotik!"

"Nisamehe. Nataka kukuuliza kitu, na sitaandika. Asubuhi ukiamka, mikono yako hutetemeka?"

Akainyosha yote miwili juu ya wimbi. Ilikuwa imetulia kama ya fundi saa. "Unadhani naipenda? Siku hizi inaniletea kiungulia. Naimeza kama dawa."

"Basi acha."

"Niache, halafu nani aonje?" Akaacha kuokota mawe. "Watu wamesikia habari za waliouziwa vitu vya kuchanganywa wakapofuka. Nikikataa kuonja, watasema nimeweka kitu. Wiki ijayo hakuna mteja. Hawa wawili wataenda shule wamekula nini? Nambie hiyo, wewe uliyesoma Bomet."

Sikuwa nimesomea hiyo Bomet. Lakini nilikuwa na hatia, na mtu mwenye hatia huja na mawazo mabaya haraka sana.

"Mimi nitaonja," nikasema.

Akacheka mpaka mbwa akaacha kubweka. Lakini siku ya soko nilikuwa pale mapema, tumbo tupu, nimevaa jaketi ili kazi ionekane ni ya kiserikali. Mteja wa kwanza alikuwa yule mzee wa Sotik aliyezoea kusema hakuona. Shemeji akajaza kikombe, akanipa. Nikanywa mpaka chini, nikakigeuza, nikasema "haya" kwa ile sauti yangu ya mtangazaji.

Mzee hakunyosha mkono.

"Wewe ulipika?"

"Hapana, boiyot, mzee wangu, lakini mimi ni mhudumu wa afya..."

"Mwonjaji ambaye hakupika ni mnywaji tu," akasema. "Tena wa bure. Mama, njoo uonje."

Shemeji akanitazama. Nikamwomba mzee atulie, nikanywa cha pili kuonyesha msimamo. Walipokuja wengine nikanywa cha tatu. Hakuna aliyekubali. Mwisho wa yote shemeji alionja mwenyewe kama kawaida, na hesabu ya siku hiyo ikawa ileile ya kila wiki, ukiongeza vitatu vyangu.

Sikuwahi kuwa hodari wa pombe. Nilipotoka pale niliona nchi yote imejaa upendo, nikaona ni vizuri niendelee kuzungukia nyumba zangu. Yapata saa tano asubuhi niliingia kwa bibi mjane mwenye wajukuu kumi na wawili, nikamwelimisha kwa kirefu juu ya uzazi wa mpango na kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanipa maji, akanishika mkono, akanisindikiza hadi langoni kama mtu anayemrudisha ndama wa jirani.

Kesho yake nesi akanipigia. "Nasikia umeanza kuwatibu wagonjwa kwa kuwanywea."

Alibaki mtu mmoja tu, na nilikuwa nikimkwepa kwa sababu nilimwogopa. Mama mkwe wa shemeji aliishi ng'ambo ya ua. Chungu alichopikia shemeji kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa busaa wa upande ule nilipokuwa mdogo, na ndiye aliyemfundisha mke wa mwanawe kila kitu. Kisha akaokoka. Tangu siku hiyo, miaka minane, hakuwa ameingia katika jiko lile. Alisema na mkwewe juu ya ua, na mengi aliyosema yalikuwa mistari ya Biblia.

Nilimkuta kwenye kipande chake cha chai, kikapu mgongoni, anachuma. Nikasalimia, "Chamgei, kogo," kama tunavyowaita bibi zetu, nikaingia mstari wa pili nichume naye, nionekane mtu wa kazi.

"Unachuma kama mbuzi," akasema bila kugeuka. "Majani mawili na kichipukizi. Wewe umeng'oa tawi."

"Kogo, nimekuja kwa ajili ya mkweo. Umwambie aache."

"Aache busaa? Nimemwambia miaka minane. Kama angenisikia angekuwa kwenye kwaya."

"Si busaa. Kuonja. Ni kwa sababu ya mimba."

Akacheka kidogo. "Kuonja kuna nini? Mimi nimeonja tangu nikiwa msichana mpaka siku ya wokovu wangu. Na nina watoto saba, na mmoja ni mwalimu."

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa na ubongo na vizazi vijavyo, vyote vimekaa kwenye ulimi. Sijui ni nini kilichonizuia, labda aibu ya yule bibi mjane. Nikauliza tu, "Ulizaa saba, kogo?"

Mikono yake iliendelea kuchuma. Ilichuma mpaka mwisho wa kichaka kile, ikahamia kingine.

"Nina saba," akasema. "Kuzaa, nilizaa tisa."

Nikasimama pale na tawi langu.

"Mmoja hakulia. Mwingine alikuwa mdogo, mdogo kama mtoto wa paka, akakaa siku tatu. Wote wawili ni miaka ile niliyopika sana." Akageuka kwa mara ya kwanza. "Umri huu wote, hakuna mtu aliyeniuliza nilizaa wangapi. Huuliza niko na wangapi."

Nilimwambia ukweli, ule ambao nesi angeusema. Hakuna anayeweza kujua leo ni nini kilichowachukua. Watoto wa miaka ile walikufa kwa mambo mengi, huenda busaa haikuhusika kabisa.

"Sikukuuliza sababu," akasema. "Wewe umeniuliza wangapi, nami nimekujibu."

Akachuma mpaka kikapu kikafika nusu. Kisha akauliza, "Siku ya soko ni lini?"

"Kesho, kogo."

"Najua ni kesho. Nakuuliza kama utakuja."

Nilikuja, bila jaketi. Wateja walikuwa wameshakaa, mzee wa Sotik akiwa mbele, na shemeji ameshika kikombe kitupu juu ya chungu, anavuta muda. Kogo akaingia mlangoni amefunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Mtu mmoja alificha kikombe nyuma yake.

Hakumsalimu mtu. Alimnyang'anya mkwewe kikombe, akachota, akajaza mdomo mpaka mashavu yakafura. Akasimama hivyo kitambo, anatuangalia mmoja mmoja. Kisha akageuka, akaipuliza yote kizingitini, mvuke mwembamba, kama wazee wanavyopuliza wanapobariki.

"Nimeonja," akasema. "Haya."

Mzee wa Sotik akapata sauti. "Mama, lakini umetema!"

"Ulitaka nimeze wokovu wangu kwa sababu yako?"

"Aliyepika ni huyu mkweo."

"Chungu ni cha nani?"

"Chako."

"Kimea alifundishwa na nani?"

"Na wewe."

"Ni nani aliyepika usiku ule ulipoanguka kwenye mtaro wa chai ukaimba mpaka asubuhi?"

Watu wakacheka. Mzee akakuna shingo.

"Kama kuna sumu, imeshaingia kwa mdomo wangu, na ni mdomo wa zamani kuliko wako. Na kama hutaki baraka ya mate ya mama mzee, sema, niiondoe."

Kwetu hakuna anayekataa hiyo. Mzee akanyosha kikombe. Wengine wakafuata. Kogo akachota funda la pili, dogo, akamkaribia shemeji, akalipulizia tumbo lake kwa upole mpaka gauni likalowa kidogo. Akafuta mdomo kwa pindo la kitambaa cheupe, akatoka, akarudi kwake kupitia ua.

Alikuja kila siku ya soko baada ya hapo. Kanisani walimsema. Alikuwa na jibu moja: kilichotemwa hakijanywewa, na asiyeridhika akamuulize mchungaji. Shemeji hakuacha kupika, na mimi niliyetaka ushindi mkubwa wa kuandikiwa ripoti nilisononeka kidogo. Nesi akaniambia mtoto hajali mama yake anauza nini, anajali anachomeza.

Shemeji alirudi kliniki. Nilimsindikiza, nikakaa nje. Wiki moja kogo alikwenda mazishini upande wa Bomet na shemeji akaonja vikombe viwili. Alimwambia nesi mwenyewe bila kuulizwa, na nesi akaandika, akamshukuru kwa kusema. Nami nikajifunza swali langu. Nilikuwa nafika, naokota mawe ya wimbi, na baadaye nauliza kwa sauti ya kawaida, "Tangu tuonane, imekuwa mara ngapi?" Mara nyingi ilikuwa hakuna. Nilibonyeza hivyo nikiwa nimeona kwa macho.

Mtoto alizaliwa kwenye kituo cha afya, asubuhi, wa kike. Siku ya tatu tunatakiwa kumwona mama na mtoto nyumbani. Nilikwenda na mizani yangu. Shemeji alikuwa kitandani, kogo kwenye kigoda anakoroga uji, mtoto amefungwa blanketi ya manjano. Nilimpima. Hakuwa mkubwa, hakuwa mdogo. Nilisema uzito kwa sauti, wote wakaitikia kwa vichwa kama watu waliousubiri.

Kisha shemeji akauliza, akimwangalia mtoto. "Na ile miezi ya kwanza? Ile niliyoonja kabla hujaniuliza vizuri. Itakuwa imemfanya nini?"

Nilikuwa na mkoba mzima wa vifaa mgongoni na simu yenye maswali yote, na katika simu hiyo, kwa mkono wangu, *Hapana* tatu.

"Sijui, shemeji," nikasema. "Nesi naye hajui. Tutamwangalia. Akikaa, akitambaa, akianza kusema. Tukiona kitu tutakwenda mapema, wapo wanaosaidia. Lakini yale ya nyuma, mimi nilikuwa nimekaa hapo karibu na moto. Nilipaswa kuuliza."

Uji ulichemka.

"Ameishiwa maneno," kogo akasema. "Kumbe huisha."

Shemeji akaninyoshea lile furushi la manjano. "Mshike."

"Mikono yangu ina vumbi la njia..."

"Kanawe, halafu umshike. Utamwangalia akikua ukiwa umesimama huko mlangoni?"

Nikanawa. Nikampokea kama mtu anayepokea yai la kuazima.

"Shingo!" kogo akanipigia kelele. "Shika shingo! Huo si mfuko wa majani ya chai!"

Nikashika shingo. Mtoto akafungua jicho moja, akanikagua, akapiga chafya mbili. Nikauliza kama hiyo ni kawaida. Shemeji akacheka, akashika tumbo kwa maumivu ya kucheka, akasema hiyo ni kawaida, niulize lingine.